Tundu Linalotazama Bondeni

Tundu lenyewe halikuwa kitu cha kumshangaza mtu. Ungeweza kulifunika kwa sufuria ndogo ya mboga. Lilikuwa chini kabisa ya ukuta, upande wa bondeni, pale handaki la pombe lilipotokeza kwenye mteremko wa Gahanga, na mbele yake palikuwa na migomba mitatu na njia ya mbuzi. Lakini kwa ajili ya tundu hilo Spès Gahongayire na shemeji yake Gratien walikaa Kwaresima nzima bila kusalimiana vizuri.

Gratien ndiye aliyekuwa akijenga. Alikuwa fundi mwashi, mdogo wa marehemu mume wa Spès, mtu wa maneno mengi na mkono usiokosea mstari. Handaki lilikuwa mali ya ushirika wao, watu kumi wa mtaa mmoja waliokamua ndizi na kupika urwagwa, ile pombe ya ndizi ambayo hakuna harusi wala msiba unaokwenda bila hiyo. Zamani kila mmoja alichachushia nyumbani kwake. Sasa walikubaliana kuchimba chumba kimoja ndani ya kilima, chenye vipandio saba vya kushukia, ili joto likae na pombe iive sawasawa. Gratien akasema chumba kizuri cha pombe ni kile kisichopitisha upepo. Spès akasema kama hakuna tundu upande wa chini, yeye hatii humo hata ndizi moja.

"Tundu la nini, shemeji?"

"La kutokea hewa."

"Hewa inatokea juu, mlangoni. Moshi hujauona unavyopanda?"

"Hii haipandi. Hii inalala chini kama maji."

Gratien akaweka mwiko chini ili acheke vizuri. Akawaambia wenzake kwamba ameanza kujenga akiwa na miaka kumi na tisa, amejenga Rebero nyumba za ghorofa tatu, na hajawahi kuagizwa kujenga mfereji wa upepo. Tangu siku hiyo akamwita Injinia wa Upepo. Jina likashika. Hata waliouza nyanya sokoni wakawa wanamuuliza injinia upepo wa leo una bei gani.

Spès hakugombana na jina. Alichofanya ni kuchukua rozari yake, akaenda akakaa juu ya rundo la matofali ambayo Gratien aliyahitaji kumalizia ukuta, na akasema haondoki. Alikaa hapo siku mbili, akishuka kwa kula na kulala tu. Siku ya tatu Gratien alichoka kumzunguka, akabomoa matofali manne upande wa bondeni.

"Haya, injinia. Tundu lako hilo. Panya watakuombea heri."

Wengi walidhani ni ukaidi wa mjane. Annick peke yake, binti yake wa pekee, ndiye aliyejua tundu lile lilitoka wapi.

Spès alizaliwa Burundi, kwenye vilima vya Ngozi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko. Baba yake alikuwa mpika pombe wa kusifika. Alikuwa na shimo lenye kina cha kumzidi mtu mrefu, na ndani yake alilaza umuvure, ule mtumbwi wa mti ambamo maji ya ndizi na unga wa mtama huachwa yachachuke chini ya majani ya migomba. Watu wa kazi hii hawana saa wala kipimo. Wanasikiliza. Pombe changa inavuma kama mvua kubwa juu ya migomba, na inapokaribia kuiva sauti inapungua mpaka inakuwa manyunyu. Ili kuisikia vizuri inabidi upige magoti na kuweka sikio karibu na majani, nayo pua inakuwa hapo hapo. Ndivyo walivyofanya babu zao, na ndivyo alivyofanya dada yake Médiatrice asubuhi moja, akiwa na miaka kumi na tisa.

Hakupanda. Baba akamwita, akachungulia, akamwona amelala kando ya umuvure kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Akaruka chini kumchukua. Yeye naye hakupanda. Spès alikuwa na miaka kumi na minne. Alifika ukingoni akawaona wote wawili, na angewafuata kama mjomba wake asingemshika kanga na kumvuta nyuma. Misa ilikuwa moja, majeneza mawili.

Hapakuwa na damu, wala moshi, wala harufu yoyote isipokuwa ya pombe. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata: mzee jirani ambaye aliwahi kugombana na baba kuhusu mpaka wa shamba. Wakakata migomba yake yote. Akahama usiku huohuo na wajukuu wake, na hakuna aliyejua alikwenda wapi.

Wiki moja baadaye padri mzee aliyekuwa akifundisha sayansi seminarini alikuja nyumbani kwao na mshumaa, kopo na kamba. Pombe ilikuwa bado shimoni, hakuna aliyethubutu kuigusa. Padri akawasha mshumaa ndani ya kopo, akaushusha polepole. Ulipofika chini ya ukingo, kiasi cha urefu wa goti, ulizimika. Akaupandisha, akauwasha tena, akaushusha. Ukazimika palepale. Akamwita Spès ashike kamba mwenyewe. Mara ya tatu ukazimikia mkononi mwake, mahali palepale, kana kwamba shimo lilijaa maji yasiyoonekana.

Padri akamweleza. Sukari ya ndizi inapochachuka haizai pombe peke yake. Inazaa mapacha: pombe, na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo ile ambayo kila mtu anaitoa puani akipumua, ndiyo inayochemka kwenye chupa ya soda, na kwa kidogo haina neno. Lakini haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inatafuta mahali pa chini na kutulia. Moto hauwezi kuishi ndani yake. Mtu pia. Anahisi kichwa kizito, pumzi zinamwenda mbio, na kabla hajajiuliza kuna nini miguu imeshakataa.

"Baba yako hakulogwa," padri akamwambia. "Alimfuata mtoto wake mahali pasipo na hewa."

Spès alilia siku ile kuliko siku ya mazishi, akiwalilia baba na dada, na akimlilia mzee yule aliyekatiwa migomba bure. Akaweka nadhiri mbele ya Mama Maria kwamba popote atakapopika pombe, hakuna mtu atakayekufa shimoni tena, na hakuna jirani atakayesingiziwa. Ndiyo nadhiri aliyovuka nayo mpaka kuja Kigali mwaka uliofuata vita, akiwa na mume, mtoto mgongoni, na mshumaa aliopewa na padri umefungwa kwenye kitenge.

Asidhani mtu kwamba aliichukia hewa ile. Alisema ni kiumbe cha Mungu kama moto. Moto unapika na moto unaunguza nyumba. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kutofunua majani kila saa, kwa sababu ile hewa inalala juu ya pombe kama blanketi, na blanketi likiondoka pombe inaanza kugeuka siki. Ndiye aliyegundua dawa ya maharagwe. Alichukua mpira mwembamba, akauingiza mdomo mmoja kwenye bidoni, yaani dumu la plastiki, lenye pombe inayochachuka, mwingine akauzamisha mpaka chini ya pipa la maharagwe, akafunika. Baada ya wiki mbili fukusi wote walikuwa wamekufa, na maharagwe hayakunuka dawa yoyote. Majirani walikuja kuona. Wengine walikuja mara ya pili na mapipa yao.

Kwa watoto wa katekisimu alikuwa na mchezo wake. Anachota kwa jagi juu ya povu la pombe, bila kugusa povu lenyewe, anatoka na jagi tupu, anawaonyesha kwamba ni tupu kweli, kisha analiinamisha juu ya mshumaa kama anayemimina maziwa. Mshumaa unakufa. Watoto wanapiga kelele. Naye anawaambia kwa sauti ya chini kwamba kitu usichokiona kinaweza kumiminwa, na kikimiminwa kinaweza kukufunika.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo Rwema, mwanachama mwenzao, alijifunza kwa gharama ya dari yake. Alifunga bidoni kwa nguvu zote ili pombe isipoteze ukali, akaenda kanisani. Aliporudi bidoni lilikuwa limepasuka na kifuniko kimekwama kwenye mbao za paa. Spès alikwenda kumpa pole, akatazama juu, akasema angalau sasa ana mahali pa kutundikia kofia.

Handaki lilipokamilika Spès aliweka sheria, na kwa kuwa wengine waliona si vibaya, zikafuatwa nusu kwa imani nusu kwa kumridhisha. Mlango ufunguliwe kwanza. Mtu asubiri nje kwa muda wa fumbo moja la rozari, Salamu Maria kumi, zisisomwe mbiombio. Kisha mshumaa utangulie kwenye kopo lenye kamba, na mahali unapozimika mtu asipite. Na tundu la bondeni lisizibwe kwa sababu yoyote. Gratien alizifuata Spès akiwepo. Asipokuwepo alishuka akipiga mluzi, na kwa kuwa tundu lilifanya kazi yake kimyakimya, alirudi juu mzima kila mara na kusema, mnaona?

Miaka ikaenda hivyo. Annick akapata mchumba, kijana mtulivu wa Kagugu, na ukoo wa kijana ukapanga kuja kuposa Jumamosi ya mwisho ya Julai. Gratien, kama baba mdogo wa binti, ndiye angekuwa msemaji wa familia mbele ya wageni, na ndiye angeonja pombe ya kwanza mbele yao, kama desturi inavyomtaka mwenye nyumba aonyeshe kwamba kinywaji chake ni salama. Alitaka pombe ya kuongelewa mpaka Kagugu.

Lakini Julai ile ilikuwa na baridi. Upepo wa kiangazi ulipanda kutoka upande wa Bugesera, na Jumatano pombe ilikuwa haijaanza hata kuvuma, inanong'ona tu. Gratien alisikiliza, akatikisa kichwa. Alhamisi jioni, Spès akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alikwenda upande wa bondeni na karai la udongo, akaziba tundu kwa matofali manne yaleyale aliyoyabomoa zamani. Kisha akafunika mlango wa juu kwa shitingi, turubai la plastiki, akaukandamiza kwa mawe. Alikusudia kulifungua tundu Jumamosi kabla shemeji yake hajajua.

Joto lilikaa kweli. Na pombe ilipopata joto ikaamka yote kwa pamoja, mivure miwili na bidoni kumi na mbili, ikachemka mpaka asubuhi ndani ya chumba kisicho na pa kutolea pumzi.

Ijumaa, kama saa mbili asubuhi, Annick alimpelekea baba mdogo uji. Akakuta shitingi imesogezwa, mlango wazi, na ndala zake mbili zimewekwa vizuri pembeni, kwa maana Gratien hakuingia kwa pombe na viatu. Akaita. Akainama akaona mkono, kisha mgongo. Gratien alikuwa amejaribu kupanda, akaangukia kwenye ngazi kifudifudi, kichwa kwenye kipandio cha tano.

Annick alipiga yowe. Rwema, aliyekuwa akimenya ndizi na Spès nyuma ya nyumba, akafika wa kwanza. Alivua koti akiwa bado anakimbia, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshashuka kipandio cha kwanza Spès alipomkamata mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili na kukaa chini kwa uzito wake wote. Rwema akaanguka chali juu yake. Annick akataka kupita. Spès akamshika kifundo cha mguu.

"Hakuna anayeshuka."

"Mama, ni baba mdogo."

"Najua ni nani. Ukishuka nitakuwa na wawili. Leta mshumaa."

Katika miaka arobaini na mitatu hakuwahi kusimama tena kwenye ukingo kama ule. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na mikono iliyowasha kile kibiriti ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na minne. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka. Alishusha kopo. Kipandio cha kwanza, mshumaa unawaka. Cha pili, unawaka. Cha tatu ukazimika, bila hata kupepesuka.

Kipandio cha tatu. Kichwa cha Gratien kilikuwa cha tano. Mtu alikuwa chini ya maji, na maji hayaonekani. Alijua pia kitu kingine, na alikijua palepale bila kuambiwa: kama tundu lingekuwa wazi, yasingefika pale.

Akamwachia Annick kamba na kibiriti. Akamwambia awashe, ashushe, aseme kwa sauti kila mshumaa unapozimika, wala asiweke mguu ndani. Kisha akashika mtaimbo, akamvuta Rwema, wakashuka mteremko wakiteleza kwa makalio katikati ya migomba.

Udongo uliozibia ulikuwa bado mbichi. Spès alipiga magoti akaonyesha mahali. "Hapa. Piga kama unampiga shetani." Rwema akapiga. Tofali la kwanza likaingia ndani, la pili likavunjika, na yaliyobaki Spès akayang'oa kwa vidole. Kitu cha uvuguvugu kikamgusa mikono, kama pumzi ya ng'ombe, kikapita kikashuka bondeni. Akamvuta Rwema, wakarudi pembeni na juu, mbali na njia ya hewa ile, kisha akaanza Salamu Maria ya kwanza kwa sauti.

Baadaye watu walisema alikuwa akiomba muujiza. Alikuwa akiomba, ndiyo, na alikuwa akihesabu. Alijua Salamu Maria moja isiyosomwa mbiombio ina urefu gani, kama Gratien alivyojua urefu wa tofali.

"Cha tatu unawaka," Annick akaita kutoka juu.

Salamu Maria ya tatu. Walikuwa wameshapanda tena, wanahema. Rwema alikuwa amefunga kamba ya mbuzi kiunoni mwa Spès, kwa sababu Spès alisema anayeshuka ni yeye, na hapakuwa na muda wa kumbishia.

"Cha nne unawaka."

Kule ndani hapakuonekana kitu chochote kikibadilika. Vipandio vilevile, mgongo uleule. Ule mwali peke yake, mdogo kama punje ya mahindi, ulikuwa unashuka ngazi kama mtu.

"Cha tano. Mama, cha tano unawaka. Uko kando ya kichwa chake."

Spès akangoja mpaka ukawaka cha sita. Hizo zilikuwa Salamu Maria mbili, na alisema mpaka kufa kwake kwamba hakuna rozari aliyowahi kusali yenye punje kubwa kama zile mbili. Kisha akashuka na mshumaa mwingine mbele yake kwenye mkono ulionyooshwa, baada ya kumwambia Rwema kwamba ukizimika avute bila kuuliza. Haukuzimika. Akampitisha Gratien kamba ya pili chini ya makwapa, akafunga, akarudi juu kinyumenyume. Wakamvuta watatu, vipandio vitano, kidevu chake kikigonga kila kimoja.

Walimlaza kwenye nyasi, upande wa upepo. Midomo ilikuwa ya rangi ya jivu. Spès akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kwa nguvu ambayo haikuwa ya dawa tu. Gratien akavuta pumzi iliyosikika kama mlango wa bati. Akatapika. Akavuta nyingine. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yake yakizunguka kwenye majani ya migomba kama anayatafutia majina. Hatimaye yakamfikia shemeji yake, mwenye udongo mpaka kwenye viwiko na damu kwenye kucha.

"Pombe," akasema kwa tabu. "Iko tayari?"

"Iko tayari," Spès akajibu. "Ilikuwa tayari kukuzika."

Ndipo Rwema alipoanza kucheka, na Annick, na Spès mwenyewe, wamekaa kwenye nyasi wote wanne, wakicheka na kulia, mpaka majirani waliokuja kwa sababu ya yowe wakashindwa kujua ni msiba au sherehe. Zahanati walimpima Gratien, wakamweka hapo mpaka alasiri, wakamrudisha na maumivu ya kichwa. Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kusema kwamba kuna mtu hataki ndoa ile, kwamba kuna jicho. Spès hakumwacha amalize. Alimwongoza mpaka kwenye tundu, akamwonyesha matofali yenye udongo mbichi, akamwambia jicho lenyewe ni hili, na aliyelifumba ana jina na anaumwa kichwa.

Jumamosi wageni wa Kagugu walikuja, wazee wenye fimbo na kina mama waliovaa mishanana, mavazi ya sherehe. Gratien alikaa kwenye kiti cha msemaji na plasta kidevuni. Akawatania wageni kama desturi inavyotaka, akajifanya hajui wamefuata nini, akawatoa jasho kwa maswali. Zamu ya kuonja pombe ilipofika, akasimama na mrija mkononi, lakini hakunywa. Akasema siku hiyo haonji yeye. Akasema wageni wameambiwa amejikwaa, na si kweli. Akaeleza yote: tundu, udongo, shitingi, kipandio cha tano. Hakujificha popote. Kisha akampelekea Spès kibuyu kwa mikono miwili, akipiga goti mbele ya watu wote, mwanamume wa miaka zaidi ya hamsini.

"Injinia," akasema. "Tuonjee."

Spès akaonja. Akafikiri kidogo. Akasema ina joto kupita kiasi, lakini inanyweka. Kicheko kilichofuata, mzee mmoja wa Kagugu alisema baadaye, ndicho kilichomaliza mazungumzo ya mahari kabla hayajaanza.

Tangu hapo Gratien akawa mhubiri. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, watu wanapokaa kwenye nyasi kusikiliza matangazo, alimwomba kiongozi wa mtaa nafasi, akamleta Spès na jagi lake tupu. Mshumaa ukafa mbele ya watu mia mbili. Wapika pombe kutoka vilima vingine wakaja kuuliza, mpaka watu wa upande wa Bugesera. Gratien aliwatobolea matundu kwenye mahandaki yao yeye mwenyewe, na kila mara alitembea kwanza kwenye mteremko kutazama maji ya mvua yanakwenda wapi, kwa sababu, alisema, hii nayo ni maji. Mafundi wengine wakaiga. Wanaliita tundu la Spès, na wapo wanaolijenga bila kujua Spès alikuwa mtu.

Ugonjwa wa sukari ulimchukua Spès mwaka jana, mwezi wa Oktoba, nyumbani kwake, kitandani kwake, na Annick akimshika mkono na mshumaa wa padri, uliobaki kipande cha kidole, ukiwaka kwenye sahani. Mungu amjalie mwanga wa milele. Kwa wanaompenda pengo lake halizibiki, na asubuhi bado kuna mtu anayetenga kikombe chake mezani kisha anakirudisha kabatini. Lakini nadhiri aliyoiweka akiwa msichana aliitimiza yote. Katika miaka yake yote ya kupika pombe hapa, hakuna mtu hata mmoja aliyetolewa shimoni akiwa maiti, na hakuna mgomba wa jirani uliokatwa.

Siku ya kumaliza matanga watu walijaa uani mpaka barabarani. Ilihitajika pombe, na Gratien akasema ataileta yeye. Kwanza alishuka upande wa bondeni, polepole, kwa sababu magoti yamezeeka. Akawasha mshumaa, akausogeza mbele ya tundu. Mwali ukainamia bondeni, ukazimika.

"Inatoka, injinia," akasema.

Akapanda hadi mlangoni, akaufungua, akavua ndala. Watu walioko uani walimwona amesimama pale, mzee mwenye kopo na kamba, midomo ikicheza, na hakuna aliyemhimiza. Salamu Maria kumi, bila kukimbia. Kisha akaushusha mshumaa: kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano akatulia kidogo. Ukashuka mpaka cha saba, ukawaka pale chini wima kama ule wa altareni, na Gratien akaufuata.

Alirudi na bidoni begani. Wakampokea kwa vigelegele.